Pole za Shekue

Usiku wa jana, wa kuamkia posa yangu, niliota nakuna nazi jikoni kwa Shangazi Mwanatumu, Muheza. Mbuzi niliyoikalia ikanong'ona, "Sogea kidogo, mgongo unaniuma."

Nikasogea. Wageni wanakuja kesho, sitaki ugomvi na vyombo.

Meno ya mbuzi yananikata kidole. Shekue, mchumba wangu, yumo ndani ya kabati la sahani, amevaa suti. "Pole sana, mpenzi," anasema, akikibonyeza kidonda, kwa ile sauti iliyonisahaulisha kula mwaka mzima. Pole inamtoka mdomoni, inaanguka sakafuni na kulia kama kopo. Kli!

"Ivunje," mbuzi inasema.

Naivunja kama nazi. Ndani hamna nyama wala maji, ni harufu ya manukato tu.

"Labda wanaume wote wako hivyo," nasema, maana nampenda jamani.

"Wote wapi! Baba yako alilia kuku wako alipokufa. Na wanawake wamo pia."

Jiko sasa ni saluni. Mwanahawa, dada yake Shekue, ananisuka. "Pole, wifi." Kli! Ananifunga kidole taratibu kabisa, kisha anatoa kichwa dirishani kuwatangazia watu nilivyolia.

"Kaka hubonyeza kidonda aone utafanyaje," mbuzi inaeleza. "Dada hukifunga, halafu anakitangaza. Pole zao zote mbili ndani ni tupu."

Naogopa. "Na yangu je?"

Shekue anajikwaa akitoka kabatini. "Pole!" namwambia. Pole yangu inaanguka puu, imejaa maji. Anaipasua, anakunywa yote, anajifuta mdomo.

"Nyingine," anasema.

Nampa. Nampa tena. Midomo inanikauka, ngozi inanikauka, yeye anazidi kunawiri.

"Amka, bibi harusi," mbuzi inasema. "Utakwisha."

Nikaamka. Kidole kilikuwa kinavuja damu kweli. Simu ikaita, Shekue huyo. Nikaweka sauti kubwa huku natafuta kitambaa.

"Nimejikata," nikamwambia.

"Pole sana, mpenzi."

Kli!

"Nini hicho kimeanguka?" Shangazi akauliza kutoka uani.

"Kitu kitupu, shangazi." Nikakata simu, nikalia, maana nilimpenda. "Waambie wageni wasije."

Shangazi akaingia mbio, unga mikononi, akakishika kidole changu.

"Pole, mwanangu," akasema.

Puu. Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa imelowa.