Maneno Tisa ya Babu

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona nguo, na fundi wa kushona ana tabia moja: pini zake huziweka mdomoni. Miaka arobaini na mmoja nilikaa naye kwenye chumba cha mbele, yeye akipima mabega ya watu huku pini sita au saba zimebanwa kwenye midomo, mimi nikishona vifungo. Mteja akiuliza jambo, mzee hunitazama tu, mimi najibu. "Anasema geuka kidogo." "Anasema kitambaa hiki hakitoshi mikono mirefu." Sikuwahi kukosea. Watu walikuwa wakicheka, eti mzee yule ana midomo miwili, mmoja wa pini na mmoja wa maneno, na huo wa maneno ni mkewe.

Kwa hiyo kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamwisha, mimi kumsemea sikuona ajabu. Nilikuwa nimeshazoea. Alibakiwa na neno moja: "haya." Akifurahi, haya. Chai ikimuunguza, haya! kwa ukali. Akitaka kwenda chooni, haya haya haya, mbio mbio. Akili yake ilikuwa timamu. Alijua siku, alijua nani anamdanganya kwenye karata. Maneno tu ndiyo yalikuwa yamefungiwa ndani na ufunguo haujulikani ulipo.

Mjukuu wetu ni mtoto wa binti yangu, tumemlea tangu ana miaka minne. Babu yake ndiye aliyempa jina Cherehani, kwa vile alivyokuwa akiongea bila kukata uzi. Wakati babu yake anaugua alikuwa ametoka kumaliza shahada yake ya kwanza. Hospitali ikawa inatuletea mtaalamu wa tiba ya usemi kila Jumanne, mwanamke mrefu wa viatu bapa, na mfuko wa turubai uliojaa kadi za picha. Mjukuu wangu alikaa pembeni akamtazama mama yule akifanya kazi, anaonyesha picha, anangoja, anangoja tena, hana haraka kama mtu anayetega ndege. Jioni ile akaniambia, "Bibi, nimeiona kazi yangu."

Kumbe kazi hiyo mtu haianzi hivi hivi. Lazima shahada ya uzamili. Jirani yetu aliposikia akashika kiuno. "Shahada ya pili ya kusema? Waje wanipe mimi, nasema tangu alfajiri na hakuna anayenilipa!" Hata mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya!" alisema.

Mwaka wa kwanza aliomba vyuo vitatu, vyote vikamkataa. Nafasi kumi na mbili, waombaji mia mbili na zaidi. Alilia siku mbili, ya tatu akafua mashuka yote ya nyumba. Mjomba wake, mwanangu wa kwanza, akamtafutia kazi ya mapokezi kwenye kiwanda cha rangi, akasema naye, "Jaribu mwaka mmoja tena. Ukikosa, unakwenda kuketi pale kiwandani na habari hii tuifunge." Msichana akakubali. Ndivyo mambo yalivyokuwa: mwaka ule au basi.

Maombi yenyewe nimeyajua kama ninavyojua kabati langu. Wanataka matokeo ya chuo. Wanataka saa ishirini na tano za kumtazama mtaalamu akiwa kazini, kila saa imetiwa saini. Wanataka barua tatu za watu wanaokujua. Na wanataka maelezo yako mwenyewe, maneno mia tano, useme kwa nini wewe na si mwingine. Hapo kwenye mia tano ndipo mwaka wa kwanza alipoteleza. Alikuwa ameandika anapenda kusaidia watu. Mtaalamu akamwambia, "Binti, hao mia mbili wote wanapenda kusaidia watu. Waonyeshe ulichofanya."

Basi akamruhusu afanye mazoezi na babu yake kila siku saa tisa mchana, na aandike. Kadi ishirini. Unanyanyua moja, unahesabu kumi moyoni, unangoja. Daftari lilikuwa na safu mbili, moja imeandikwa "peke yake", nyingine "kwa kudokezwa". Ukimpa hata mwanzo wa neno, hata ukilionyesha kwa midomo, limehama safu. Siku ile ya kwanza mtaalamu alitugeukia sote akasema, "Na tafadhali, msimsemee." Nilisikia. Sitasema sikusikia.

Mimi nilikaa kwenye kigoda changu nyuma ya mjukuu wangu, na vifungo vyangu. Yeye alinipa mgongo. Mzee alikuwa mbele yangu, uso kwa uso.

Wiki ya kwanza hakupata hata moja. Sifuri, sifuri, sifuri, naona mkono wa mtoto unavyoandika ule mviringo. Alhamisi ya wiki ya pili alinyanyua picha ya paka. Mzee aliitazama, akaitazama, jasho likamtoka juu ya mdomo. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la mtoto yakanifikia mimi. Yalikuwa macho yale yale ya pini. Miaka arobaini na mmoja, macho yale yakinijia, najibu.

Nilifanya kwa midomo tu, sauti sikutoa. Paka.

"Paka," akasema mzee.

Mtoto aliruka mpaka kiti kikaanguka. Alimkumbatia babu yake, akanikumbatia mimi na sindano yangu mkononi. "Bibi, umesikia? Peke yake!" Ningesema wakati ule. Mdomo ulikuwa mwepesi kumsemea mzee, lakini kujisemea mwenyewe ukawa jiwe. Nikajiambia, mimi sijasema kitu. Kusema ni sauti.

Baada ya paka ikaja pasi. Ikaja meza. Mbuzi, bakuli, mkasi, mpira, maji, mwavuli. Kwa miezi mitatu yalifika maneno tisa. Mzee naye alichangamka, alianza kudai kunyolewa ndevu kabla ya saa tisa. Nyumba ilikuwa na furaha ambayo haikuwamo tangu augue, nami nikawa mtunza furaha ile, nailinda kama mtu anayelinda maziwa yaliyoko jikoni yasifurike.

Jumapili, siku tano kabla ya dirisha la maombi kufungwa, mjukuu wangu alinisomea maneno yake mia tano. Nakumbuka mwisho wake. "Babu yangu alinifundisha kuongea. Leo namsaidia kurudi. Ametoka sifuri hadi maneno tisa, peke yake, bila kudokezwa." Nilitazama sakafu. Nikasema, "Nzuri, mama." Ndiyo hiyo tu nilisema.

Jumanne mtaalamu alikuja kulipitia daftari kabla ya kuandika barua yake. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa sita mchana. Alikaa, akavaa miwani, akafunua kurasa taratibu. Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Halafu kidole chake kikaanza kurudi juu, kushuka chini, kurudi juu.

"Paka, pasi, meza, mbuzi, bakuli," alisoma. "Yote tisa yanaanzia kwenye midomo. Taa hajawahi kupata. Kiti hajawahi. Hata sindano?" Akamtazama mjukuu wangu. "Fundi wa nguo, na sindano haijatoka?"

"Nilidhani ni ngumu kwake," mtoto alisema.

"Labda." Alivua miwani. "Mama, wewe huwa unakaa wapi?"

"Hapa," nikasema. "Kwenye kigoda."

Hakunigombeza, ingekuwa nafuu. Aliniomba kwa adabu niende jikoni kidogo. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye ukuta. Nikamsikia mjukuu wangu akisema, "Babu, hii." Kimya. "Babu, jana umeisema. Huyu anakunywa maziwa." Kimya. "Sawa, hii je? Hii ya kunyooshea nguo." Kimya tena. Akaenda hivyo kadi baada ya kadi, sauti yake ikizidi kuwa ndogo, na mwishoni mzee akasema, polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Haya."

Mtaalamu akaniita nirudi kwenye kigoda changu. Safari hii aligeuza kiti chake, akanitazama mimi badala ya mgonjwa. Mjukuu wangu akanyanyua paka. Nilijiuma mdomo wa chini kwa meno. Mzee alinitafuta, akanipata, akangoja. Wallahi nilijitahidi. Lakini alikuwa anatweta, na macho yale yalikuwa yananiambia, mke wangu, umekwenda wapi?

Midomo ikaenda yenyewe.

"Paka," akasema mzee kwa furaha, akatutazama wote asifiwe.

Mtaalamu alifumba macho. Mjukuu wangu aligeuka, si haraka, akaniona na midomo yangu bado imekaa vile ilivyokaa.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu paka wa kwanza."

Aliinamisha kichwa akazipanga zile kadi ishirini, kona kwa kona, akazifunga kwa mpira. Mtaalamu alimwambia ukweli, kwa upole. Barua ataandika, lakini hawezi kuandika kwamba binti huyu anapima vizuri. "Nitasema una subira na una moyo. Lakini walioomba wote watakuwa na barua za moyo." Akanigeukia. "Mama, hukufanya kwa ubaya. Ila mzee miezi mitatu hakuwa anatafuta neno ndani yake. Alikuwa anatafuta uso wako." Nililia hapo. Mzee alininyooshea mkono wake mzima, hajui kosa ni lipi.

Alipoondoka, nilimfuata mtoto chumbani. Alikuwa amefungua kompyuta yake, maneno mia tano yapo mbele yake.

"Tuma hivyo hivyo," nikasema. "Nani atajua? Mimi nafunga mdomo."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Sasa ndiyo unaufunga, Bibi?"

Ilinichoma, na nilistahili.

Halafu akasema, "Babu yule si tisa. Nikiwaandikia tisa, nitakuwa nimewaandikia mtu mwingine." Akafuta. Siku tatu alikaa anaandika na kufuta, hana pa kushika, maana yale tisa ndiyo yalikuwa nguzo ya hadithi yote. Ijumaa saa tano na nusu alituma maelezo yaliyosema kwamba alipima vibaya miezi mitatu kwa sababu hakugeuka nyuma kutazama. Hakuandika ni nani alikuwa nyuma. Niliyasoma baadaye, mara mbili, nikitafuta jina langu la bibi. Halimo.

Mazoezi hakuyaacha. Saa tisa, kila siku. Mimi sasa naketi nimegeukia dirisha, nawapa mgongo wote wawili. Ni vigumu kueleza jinsi ilivyo kusikia mtu uliyemsemea maisha yake yote akihema nyuma yako, anatafuta, hapati, nawe umekaa unahesabu vifungo. Mwezi wa kwanza mzee alinikasirikia. Alikuwa akipiga meza kwa kiganja. "Haya! Haya!" Najua alichokuwa anasema. Sikugeuka. Daftari likarudi kwenye ile miviringo.

Chuo cha kwanza kilikataa mwezi wa tatu, cha pili wiki mbili baadaye, kwa maneno karibu yale yale ya tunakutakia mafanikio mema. Cha tatu kilikawia. Tukaanza kudhani kukawia ni heri.

Jawabu lake lilikuja Ijumaa wakati wa mazoezi. Simu ya mtoto ilitetemeka juu ya meza. Nilisikia kadi ikiwekwa chini. Sikugeuka, maana nilikuwa nimeapa, mpaka nikasikia pumzi yake imekatika, nikageuka.

Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa ameketi na simu mapajani, machozi yanashuka, hayafuti. Mzee alikuwa amemtazama. Alielewa, yeye anaelewa kila kitu. Mdomo wake ulifunguka ukafungwa. Alitaka kumwambia kitu mtoto yule aliyemfundisha kuongea, na kitu hicho hakikuwa haya, alijua hakiwezi kuwa haya. Shingo ilimsimama mishipa. Akahangaika mpaka mate yakamtoka. Kisha akanitazama mimi.

Nilikaza midomo. Nilikuwa nimeshajifunza, kwa bei ile. Nikayaangusha macho yangu chini ili asinione.

"Mpe, Bibi," mjukuu wangu akasema.

"Mama, tuliambiwa tusimse..."

"Mpe tu."

Nikanyanyua uso. Nikamwonyesha mume wangu kwa midomo, bila sauti, kama siku zote.

"Pole," mzee akasema.

Akasema tena, mwenyewe sasa, lilipokuwa bado la moto mdomoni, "Pole. Pole." Mkono wake mzima ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto. Cherehani wetu akamlalia magotini akalia kama alivyokuwa akilia ana miaka minne, mimi nikasimama pale na kopo la vifungo, sijui nimshike nani.

Jumatatu alikuwa anaanza kule kiwandani; mjomba wake alikuwa ameshamwekea siku hiyo, iwapo chuo cha tatu nacho kitamkataa. Blauzi yake nyeupe ilikuwa imeshanyooshwa, inaning'inia mlangoni. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kiganja, akavuta daftari, akaandika tarehe, na kwenye safu ya pili, ile ya kwa kudokezwa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: pole.