Marinda ya Mzee Nzomo

"Inua mkono, baba."

Mzee Nzomo aliinua mkono wa kushoto, na binti yake Ndunge akaupitisha kwenye rinda la satini la rangi ya waridi, lile lenye mabega yaliyofura, ambalo kikundi chao cha ngoma kilivalia harusi za Desemba. Hilo lilikuwa la tatu. Chini yake kulikuwa na la kijani la kumetameta, na chini ya la kijani, jeupe lenye wavu kuanzia kiunoni. Ndani kabisa kulikuwa na shati jembamba la kitenge, nguo pekee ambayo mzee alitoka nayo Voi asubuhi, ukiacha suruali yake.

"Sasa mimi ni keki ya harusi," mzee akasema. Alitaka kucheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa sanduku la nguo hadi kilipompita.

"Bora keki yenye joto. Leta huo mkono mwingine."

Wanawake wa kikundi walikuwa wamejibana nyuma ya hema la wageni, kila mmoja amevaa kila alichokipata sandukuni. Ajiambo alivaa marinda mawili na kujifunga la tatu kichwani. Mutheu alivaa sketi za Jamhuri juu ya sketi za Krismasi, akawa mpana hata hawezi kukaa. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Leo meno yaligongana tu. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka juu ya Chawia, huku milimani, manyunyu hayakatiki, na nyasi za uwanjani ziliwalowesha hadi magotini.

Watu wa Voi wana kosa lao moja. Ukiwaambia kuna kazi Taita juu, watakwambia, aa, ni hapo tu, kaunti ni moja. Wanasahau kwamba wao wanaishi na vumbi na jua, na hapo juu mtu analala na blanketi mbili. Ndunge mwenyewe ndiye aliyemwambia baba yake alfajiri, "Acha koti, baba, utatokwa na jasho bure." Mzee akaliacha msumarini. Maneno hayo yalikuwa yakimuuma Ndunge tangu asubuhi, na kila baba yake alipokohoa yalimuuma upya.

Maana hawakuja Chawia kwa ajili ya soda. Walikuja kwa ajili ya kifua cha mzee. Nzomo alifanya kazi shamba la mkonge tangu ujana wake, kwenye chumba cha brashi, mahali ambapo nyuzi hukwanguliwa na vumbi lake halina pa kwenda ila puani mwa mtu. Walipomwachisha kazi walimpa mkono wa kwaheri tu. Sasa alikuwa akilala ameketi. Walikwenda hospitali ya Voi, wakaambiwa mashine ya kifua imeharibika, njooni mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, nao ukawa na mwezi ujao wake. Ndipo Chrispine, kijana wa protokoli kutoka ofisi ya mheshimiwa, alipokuja mtaani kwao Birikani kutafuta wachezaji ngoma wa kufungulia zahanati mpya. Akasema mheshimiwa anakuja na daktari wa kifua, na wenye kutumbuiza wataonwa kwanza. Ndunge alikubali kabla hajamaliza kusema.

Na sasa mchana ulikuwa umeshapita, na mheshimiwa bado.

"Yuko wapi?" Ajiambo alimwuliza Chrispine alipopita na simu sikioni.

"Yuko Mwatate."

"Hata asubuhi alikuwa Mwatate."

"Basi anatoka Mwatate. Mtulie."

Zahanati yenyewe ilikuwa pale pale mbele yao, imepakwa rangi, ina bati jekundu, mlango umefungwa kwa kufuli na utepe juu yake. Ndani kungekuwa na ukuta wa kumkinga mzee na upepo. Hemani kulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, vya wageni, na askari alikuwa amesimama hapo kuhakikisha havikaliwi. Mama mmoja wa pale kijijini, Mghoi, aliyekuwa na sweta zito na kofia ya sufu, aliwatazama akatikisa kichwa.

"Jamani, watu wa Voi! Mmekuja mlimani na nguo za disko?" Kisha akamwona mzee, na mzaha ukamtoka. "Huyu baba mleteni kwangu. Nyumba ni ile, moto unawaka."

Ndunge alitazama ile nyumba. Haikuwa mbali. Moyo wake ulishaanza kwenda.

"Hakuna mtu kutoka uwanjani," Chrispine akasema nyuma yao. "Mheshimiwa akifika asipokuta ngoma, mimi ndiye nitakayekuwa na shida. Mwenye kutoka asirudi, na daktari asahau." Halafu akamwona Nzomo vizuri. Akamtazama kuanzia mabega yaliyofura hadi wavu uliochungulia magotini. "Na hii ni nini?"

"Ni baridi," Ndunge akajibu.

"Mzee, vua hizo. Kamera zinakuja. Watu wataona mwanamume mzima amevaa marinda mbele ya mheshimiwa, watasema tunafanya mchezo."

"Akivua atavaa nini?"

"Si ana shati?"

"Na wewe si una jaketi? Mpe basi."

"Madam, usinijibu hivyo." Sauti ya Chrispine ilishuka, ikawa mbaya zaidi. "Programu iko mkononi mwangu. Nikiwatoa, mmetoka. Kisha utamtafuta daktari kwa miguu yako."

Ndunge alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakawa moto, sehemu pekee ya mwili wake iliyokuwa na joto siku hiyo. Alitaka kumwambia maneno ambayo mtu hayasemi mbele ya baba yake. Lakini mzee alikuwa ameshaanza kufungua vifungo.

"Baba, acha."

"Kijana anafanya kazi yake," Nzomo akasema. "Nimevua mengi mbele ya wakubwa." Akalitoa la waridi, akalitoa la kijani, na alipofika kwenye jeupe kifua kikambana. Hakukohoa hata. Alifungua mdomo tu, pumzi haiingii, midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Mutheu akapiga ukelele. Ndunge akamkumbatia kwa nyuma, akamsugua mgongo, akiita "baba, baba, taratibu baba," hadi pumzi ikarudi na mluzi ndani yake.

Kisha akachukua lile la kijani akamvisha tena, na la waridi juu yake, huku akimkazia Chrispine macho. "Mtoe kwa programu," akasema. "Lakini hii havui. Umesikia?"

Chrispine alifungua mdomo, na wakati huo huo ving'ora vikasikika kwenye kona ya chini. Akageuka akakimbia kuelekea barabarani.

Walicheza. Mzee Nzomo, mpiga ngoma wao, aliketi juu ya sanduku na ngoma katikati ya magoti, ameng'aa kuliko kila kitu uwanjani, na mikono yake ilijua kazi hata kama kifua kilikataa. Mheshimiwa alishuka na mwavuli wa kushikiwa, akatabasamu kwa ile keki yenye ndevu nyeupe, akaomba simu yake apige picha. Akakata utepe. Akaingia na kamera, akatoka kabla wimbo haujaisha. Hotuba ikawa juu ya afya kwa kila mwananchi. Mwanamke mmoja mwenye koti jeupe akatambulishwa, daktari wa kifua, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Ndunge alipiga kuliko wote.

Ndipo emsii akashika kipaza sauti. Kwa sababu ya hali ya anga, alisema, na kwa kuwa mheshimiwa ana shughuli nyingine, huduma za daktari zitaahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Wachezaji wawasindikize wageni hadi kwenye magari.

Ndunge alisikia, lakini kwa muda hakuelewa. Kisha akamwona daktari akikunja koti lake na kuanza kutembea. Ndunge hakumkimbilia. Aliinama kwa baba yake.

"Baba, piga ile ya kumvisha bibi harusi."

Mzee alimtazama. Wimbo ule una desturi yake, na kila aliyewahi kuoa Birikani anaijua. Wanawake humzunguka bibi harusi, wanamvisha rinda, na duara halifunguki mpaka mpiga ngoma anyamaze. Mzee akapiga.

Wanawake wakaondoka kwa mwendo wa kucheza, wakampita mheshimiwa aliyekuwa amekwisha kunyoosha mikono akingoja kusindikizwa, wakamzunguka daktari. Ajiambo akamvisha lile rinda la kichwani mwake. Watu wakacheka, kamera zikageuka, daktari naye akacheka, akacheza hatua mbili. Walizidi kusogea, kidogo kidogo, hadi duara likammeza mzee pamoja na sanduku lake.

"Daktari," Ndunge akasema, na alikuwa ameacha kutabasamu. "Huyu ni baba yangu. Msikilize tu. Hatukuombi kingine."

Daktari alitazama nje ya duara, kisha akatazama ile midomo ya kijivu. Akapiga goti kwenye nyasi zilizolowa. Nzomo alipumzisha mkono mmoja akafungua vifungo vya waridi, vya kijani, vya lile jeupe, na vya shati, huku mkono wa pili ukiendelea kupiga polepole. Daktari akaweka chombo chake kifuani. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele.

"Ulifanya kazi wapi, mzee?"

"Mkonge. Chumba cha brashi."

Daktari alifumba macho kidogo. "Anahitaji oksijeni na picha ya kifua. Leo, si kesho." Akamwita Chrispine aliyekuwa akihangaika nje ya duara. "Mle zahanatini kuna nini?"

"Kuna vitanda, daktari. Vitu vingine vinakuja."

Daktari akasimama, akajipangusa goti. Alizungumza kwa upole, kama mtu aliyesema maneno hayo mara nyingi. "Mama, mpeleke hospitali. Mpeleke Voi."

"Tumetoka Voi," Ndunge akasema.

Daktari alimtazama Chrispine, Chrispine akatazama saa. Magari yalikuwa yamewashwa.

"Msafara unaondoka, daktari. Jamani, muda! Mzee, nyamazisha ngoma, wageni wapite."

"Naomba nipite," daktari akasema kwa sauti ndogo.

Ndunge alimshika Mutheu mkono, Mutheu akamshika Ajiambo, na kila mmoja akamshika mwenzake. Hakuna aliyepisha. Honi zikalia, moja, halafu zote pamoja. Mzee Nzomo aliurudisha kwenye ngoma ule mkono uliokuwa umepumzika, kifua kikiwa wazi kwenye manyunyu, akaendelea kupiga.