Mwache, Wateja Watasubiri

Mzee Aidarus alikuwa na kanzu tano nyeupe, na kila moja ilikuwa na vifungo vitatu shingoni. Kabla ya ugonjwa, hakuna mtu nyumbani kwao Mtoni aliyewahi kuvihesabu. Sasa kila asubuhi mkewe, Bi Abrar, alivifunga mwenyewe: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha alimnywesha chai kijiko kwa kijiko, akampangusa mdomo, akamvalisha kofia. Mzee alikaa kitini, macho ukutani, kama mgeni aliyekirimiwa kupita kiasi mpaka akaona haya kuaga.

Binti yake Zubeida alikuwa na wiki moja tu tangu arudi kutoka Ujerumani. Mwaka mzima alikuwa huko kwa mpango ule ambao wenyewe wanauita au pair: unakaa na familia, unamwangalia mtoto wao, wanakupa chumba, chakula na fedha kidogo za matumizi, na jioni unakwenda darasani kujifunza lugha yao. Kiharusi kilimpata baba miezi minne kabla hajarudi, kikaulegeza mkono wa kulia. Hospitali walisema mkono utapata nguvu ukifanya kazi. Lakini nani angemfanyisha kazi Mzee Aidarus, na mke yupo, na watoto wapo?

"Tumeshakubaliana," kaka yake Azzam alimwambia wakiwa sebuleni. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi Suleiman anachukua fremu ya duka letu. Atauza simu na makava yake. Duka la viungo bila Baba ni makopo matupu tu."

"Na Baba kasemaje?"

"Kanyamaza. Kunyamaza si ndiyo kukubali?"

Zubeida alimtazama baba yake. Ni kweli, alikuwa kimya. Lakini juu ya paja lake vidole vya mkono mgonjwa vilikuwa vinajisogeza polepole, gumba juu ya cha shahada, kama vya mtu anayesokota karatasi. Miaka arobaini vidole hivyo vilifanya kazi hiyo dukani, Barabara ya Kilwa. Kipande cha gazeti, mzungusho mmoja, ncha inakunjwa, unapata pembe. Unatia iliki, unafunga mdomo, unampa mteja. Watu walikuwa wanasema pembe ya Mzee Aidarus unaweza kuisafirisha mpaka Tunduma isimwage hata punje.

Hapo Zubeida akamkumbuka Emil.

Emil alikuwa na miaka minne. Wiki ya kwanza, Zubeida alimvalisha viatu, akamfunga zipu ya koti, akamlisha uji, maana nyumbani kwao ndivyo mtu anavyoonyesha kwamba anakupenda. Mtoto akalia kila siku. Asubuhi moja mama yake, Katrin, akasimama mlangoni na kusema kwa upole, "Zubeida, asante. Lakini mwache. Anaweza."

Siku ile Zubeida alijifungia chumbani akalia kuliko Emil. Aliona amekosewa, aliona kazi yake imekataliwa. Kesho yake akakaa ukumbini, kwenye baridi, akamtazama mtoto akipigana na zipu kwa dakika kumi na moja. Mikono yake yeye ilikuwa inawasha. Mwishowe aliikalia, kiganja huku na kiganja huku, kama kuku anayeatamia. Zipu ilipopanda mpaka kidevuni, Emil alimtazama kwa uso ambao hajausahau mpaka leo. Mengi aliyapata mwaka ule: lugha, baiskeli, ujasiri wa kusema "sijui" bila kuona aibu. Lakini usiku wa kuagana, alipomshukuru Katrin, alimshukuru kwa ile zipu.

Basi akaona dawa ya baba yake anayo mkononi. Hakumwambia mtu.

Alhamisi Suleiman alikuja na mjomba wake kusalimia na kuzungumza habari za fremu. Chai ikaletwa. Bi Abrar alikuwa ameshashika kijiko, lakini Zubeida akamwekea baba kikombe mbele yake na kusema, "Mama, mwache. Anaweza." Kisha akaikalia mikono yake.

Mzee alikitazama kikombe. Akawatazama wageni. Akanyoosha mkono, ukatetemeka. Kikombe kikainuka kidogo, kikalala ubavu. Chai yote ikamwagikia kwenye kanzu. Mjomba wa Suleiman akageuza uso akaanza kusoma kalenda ya ukutani.

"Nipelekeni ndani," Mzee alisema. Maneno yake siku hizi yalitoka taratibu, lakini yalitoka.

Wageni walipoondoka, Bi Abrar akalipuka. "Baba wa watu anahangaika, na wewe umekaa unamtazama kama sinema! Ndiyo elimu uliyoifuata huko?"

"Mama, mie nilitaka..."

"Umwonyeshe Suleiman kwamba baba yako hana mkono? Keshaona. Ahsante!"

Azzam naye akaongeza la kwake. "Huko kwao wazee wanawapeleka kwenye majumba ya wazee. Leo umekuja kutufundisha sie?"

Moyoni Zubeida alijua mama yake ana haki. Emil alikuwa anamwaga maziwa kila siku, lakini aliyamwaga mbele ya watu wawili wanaompenda. Tena Emil mwenyewe ndiye aliyetaka. Baba nani aliyemuuliza?

Alfajiri, baada ya swala, alimkuta baba amekaa kitandani peke yake, kanzu wazi shingoni. Akapiga magoti karibu naye.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Nisamehe. Jana nilikufanya mtoto."

Mzee akafikiri. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. "Mtoto yupi? Yule Mjerumani wa zipu?"

Zubeida akashtuka. Alikuwa amewahi kutuma kisa kile kwa sauti kwenye simu ya mama yake, akidhani hakuna aliyekisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikisikiliza mara tatu," Mzee alisema. "Yule mama maneno yake nayajua. Wewe umesahau tu. Ulikuwa na miaka sita. Umesimama juu ya ndoo dukani, unasokota pembe yako ya kwanza. Wateja wamejaa mpaka barazani, mama yako anataka akumalizie. Nikamwambia nini?"

Na ghafla ikamjia: harufu ya karafuu, ukingo wa ndoo chini ya nyayo, mwanamke mmoja aliyekuwa anagonga kaunta kwa funguo. Na sauti ya baba yake juu ya kichwa chake.

"Mwache," Zubeida alisema polepole. "Wateja watasubiri."

"Haya." Mzee akauinua mkono wake mgonjwa kidogo, akautazama. "Basi na mie niacheni. Ila si mbele za watu."

Tangu siku ile, kila alfajiri, baba na binti walitoka kimyakimya kwenda dukani, hatua chache tu kutoka nyumbani. Bi Abrar aliambiwa Mzee anapunga hewa. Walifungua mlango wa chuma nusu kwa ufunguo wa Mzee, wakawasha taa moja. Zubeida alikata magazeti ya zamani, akamwaga iliki kwenye sinia, akakaa juu ya mikono yake. Siku ya kwanza karatasi ilichanika. Ya tatu, ikasokotwa lakini haina ncha. Ya tano, Mzee akatukana kwa Kiarabu, akaomba msamaha kwa Mungu, akachukua karatasi nyingine.

Apolonia, muuza maandazi wa fremu ya jirani, ndiye pekee aliyewabaini. Alichungulia chini ya mlango. "Sista Ujerumani! Mnaiba nini humo asubuhi asubuhi?"

"Iliki," Mzee alimjibu kutoka ndani.

Apolonia alicheka sana, na siri akaitunza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Suleiman alikuja na tepu ya kupimia rafu zake, Azzam akimtangulia na funguo. Mlango wa chuma walikuta uko nusu wazi. Ndani, nyuma ya kaunta, Mzee Aidarus alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote. Vifungo viwili vya kanzu vilikuwa vimefungwa, cha tatu kimekosea tundu. Bi Abrar alifika mbio, chupa ya chai mkononi, maana amezunguka nyumba nzima anamtafuta mumewe aliyechelewa kurudi. Kabla yeyote hajasema neno, Apolonia akajipenyeza katikati yao.

"Mzee, shikamoo. Iliki ya maandazi, na leo usinipunje!"

Mzee akachukua karatasi. Ikamponyoka. Akaichukua tena. Gumba likatafuta kidole cha shahada, likakipata, likateleza. Bi Abrar akaiweka chupa, akanyoosha mikono juu ya kaunta. Mumewe akainua macho, akamtazama tu. Hakukuwa na hasira katika yale macho, yalikuwa yanaomba. Zubeida alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele, viganja chini ya mapaja.

Bi Abrar akamwona. Akasimama kidogo, kisha akakaa kando ya binti yake na kuikalia mikono yake pia.

Pembe ilitoka imepinda shingo. Mzee akatia iliki, akakunja mdomo mara mbili, akaikabidhi. Apolonia akaigeuza juu chini, akaitikisa mbele ya watu wote. Hakuna punje iliyodondoka.

Azzam akashika ule mlango wa chuma, akausukuma mpaka juu, duka likawa wazi lote, mwanga ukafika mpaka makopo ya nyuma. Zubeida akahisi machozi, akamshukuru Mungu, akamshukuru mama mmoja aliyesimama mlangoni kule kwenye baridi, akamshukuru na mama aliye ubavuni mwake, ambaye kutulia vile kumemgharimu kuliko kazi zote.

Suleiman aliirudisha tepu mfukoni. "Mzee, fremu ziko nyingi. Nifungie na mie mdalasini."

"Nitachelewa," Mzee alimwambia, akinyoosha mkono kuchukua karatasi nyingine.

"Nitasubiri," alisema Suleiman, akaegemea kaunta.