Daftari la Tawi la Kagera

Lusajo alikuwa mtu wa ibara. Ukimuuliza habari za asubuhi angeweza kukujibu kwa kifungu na kifungu kidogo, na wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei walimcheka mpaka wakachoka. Alikuwa Guangzhou, China, kwa ufadhili, akiandika tasnifu ya udaktari juu ya mipaka ya serikali ya shirikisho: nini serikali kuu inaruhusiwa kuyafanyia majimbo, na nini hairuhusiwi hata ikilia machozi. Wenzake walinunua jinzi za viwanda vya Xintang, yeye alinunua wino wa printa.

Lakini siku Watanzania wa mji ule walipotaka kuunda Umoja, walimkimbilia nani? Huyohuyo. Kila mkoa ulikuwa tayari na tawi lake, na kila tawi lilikuwa na daftari: jina la mtu, namba ya pasipoti, mahali anapolala, siku viza yake inapoisha, na mwisho wa mstari jina la kijiji na la ndugu wa kupigiwa simu. Hilo la mwisho ndilo lililozaa hayo mengine yote. Watu hufa ugenini, na maiti ya mwenzenu hamuiachi huko. Kwa hiyo watu waliandika ukweli mtupu, hata wale ambao viza zao zilikuwa zimekwisha, maana aliyeshika daftari alikuwa mtu wa kwao.

Lusajo akaandika katiba, kurasa nne. Ibara ya sita aliipenda kama mwanawe wa kumzaa. Kamati Kuu ilipewa kazi tatu tu, kuzungumza na ubalozi, kusafirisha maiti na kuandaa sherehe ya mwaka. Mamlaka mengine yote yalibaki kwa matawi, na daftari la tawi halikuruhusiwa kutoka mkononi mwa tawi. Watu wakapiga makofi. Katibu akawa Lusajo mwenyewe, na mwenyekiti akachaguliwa Thadeo, wakala wa mizigo mwenye ofisi jengo la Tianxiu, bonge la mtu mwenye kicheko kikubwa, ambaye hata Wachina walimwita laoban, yaani bosi.

Daftari la Kagera alilishika Agripina. Alikuwa akinunua jinzi na kuzipeleka Bukoba, na alikuwa mchumba wa Lusajo; washenga walipanga kwenda kwao Krismasi. Binti mkali yule! Hakutoa kitu cha tawi bila karatasi yenye saini, hata kalamu. Ukigonga mlango wake husikii karibu, unasikia, "Una karatasi?" Watu wa Kagera walimtania kwa hilo kila siku, na yeye alicheka nao, lakini kitu hatoi.

Machi 2008 akafa Medard. Alianguka kwenye ngazi za soko la nguo la Zhanqian akiwa na mfuko begani, na hakufika hospitali akiwa hai. Pasipoti hakuwa nayo, na waliomjua walimjua kwa hilo jina moja tu. Hospitali ikasema itamweka siku tatu, kisha atachomwa moto. Kuchomwa! Habari hiyo ilizunguka Xiaobei nzima, na watu wakashindwa kula.

Thadeo akamwita Lusajo ofisini. "Mwanasheria, mwenzetu anakwenda kuchomwa kama takataka. Nataka madaftari yote hapa mezani leo."

"Katiba hairuhusu, Mzee. Kila tawi litazame lake, litupe jibu."

"Mmoja mwenye daftari kasafiri mji wa Yiwu, kaliacha kwa jirani. Mwingine hapokei simu. Tutabembelezana mpaka lini? Mara moja tu, ndugu yangu. Wewe si ndiye unayejua kuandika? Andika."

Naye akaandika. Mtu aliyemaliza miaka mitatu akisoma jinsi serikali kuu zinavyoomba kitu mara moja tu, akaketi kwenye kiti cha Thadeo na kuandika kwa mkono wake: "Katika dharura, Kamati Kuu itashika madaftari yote ya matawi mpaka dharura itakapokwisha." Akatia saini na kupiga muhuri. Alikuwa anamfikiria Medard kwenye friji ya hospitali, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Hilo simnyimi.

Agripina alimpokea chumbani kwake katikati ya mafurushi ya jinzi.

"Nimeshatazama," alisema. "Mstari kwa mstari. Medard hayumo kwangu. Sasa langu mnalitakia nini?"

"Ili yote yawe pamoja. Tukichukua la huyu tukaacha la yule, watu watanung'unika."

"Wacha wanung'unike."

"Agripina, mtu atachomwa moto!"

"Hatachomwa kwa sababu ya daftari ambalo hayumo."

Hapo alikuwa amembana, na Lusajo alijua amebanwa. Ile ndiyo hoja yenyewe ya tasnifu yake, inasemwa na muuza nguo aliyekaa juu ya furushi. Lakini alikuwa na haraka, na aliona haya kushindwa na mchumba wake. Akaitoa karatasi.

Agripina akaisoma mara mbili. "Haisemi dharura inakwisha lini."

"Si akishasafirishwa?"

"Basi liandike hilo."

"Jamani, Agripina. Huniamini?"

Agripina akamrudishia karatasi. Kisha akainuka, akalitoa daftari chini ya godoro. "Na mimi nimo humu, mstari wa kumi na moja. Viza yangu imekwisha mwezi uliopita, unajua. Nangoja ule mzigo walioniharibia Xintang washone upya, niondoke nao."

"Najua," alisema Lusajo, akalichukua.

Medard alionekana ndani ya saa moja, kwenye daftari la Rukwa, lile lililokuwa kwa jirani. Maiti ikasafirishwa, ndugu zake wakapiga simu wakilia na kushukuru, na Lusajo akaitwa mkombozi. Madaftari yakabaki kwenye kabati la Thadeo. Lusajo alipoyadai, Thadeo alicheka kile kicheko chake na kusema hapo ni salama kuliko benki. Agripina naye alikuwa akimuuliza Lusajo kila wiki, daftari langu vipi. Baadaye akaacha kuuliza, na hilo lilimuuma Lusajo zaidi.

Ikafika Juni, na mzigo wa Agripina ulikuwa bado Xintang. Michezo ya Olimpiki ilikaribia, viza zikawa ngumu, pasipoti zikakaguliwa kila kona. Asubuhi moja Lusajo alikwenda kwa Agripina na maandazi, akamkuta anashushwa ngazi kati ya polisi wawili. Wa mbele alikuwa ameshika fotokopi. Lusajo aliusoma mwandiko ule kabla ya kuyasoma maneno: herufi kubwa za Agripina zilizolala upande, na mstari wa kumi na moja umepigwa duara jekundu. Agripina naye aliiona.  Alimtazama Lusajo mpaka mlango wa gari ukafungwa.

Lusajo alikimbia mpaka Tianxiu, maandazi bado mkononi, katiba mfukoni. Akaingia bila kubisha hodi.

"Umewapa majina!"

"Kaa kitako," alisema Thadeo. Siku hiyo hakucheka. "Walitaka kufunga ofisi zote za Waafrika kwenye jengo hili. Nimewapa waliokwisha viza, wametuachia wenye karatasi safi. Umoja umepona. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ibara ya sita—"

"Ibara ya sita naijua." Thadeo akafungua droo, akatoa karatasi yenye muhuri, akaisukuma mezani. "Na hii naijua vilevile. Nisomee mwandiko wako."

Lusajo hakusoma. Aliikumbuka neno kwa neno.

"Dharura haijakwisha, Mwanasheria," alisema Thadeo. "Na hukuandika ni nani wa kusema imekwisha."

Siku ya nne polisi wakamruhusu kumpelekea Agripina sanduku la safari ya kurudishwa kwao, dakika kumi, meza katikati na askari mlangoni. Lusajo alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alipomwona na nywele zimetimka na miguu kwenye kandambili za watu, yote yakamtoka, akaanza kulia.

"Acha," alisema Agripina. "Huna muda huo. Kwenye daftari langu waliokwisha viza ni tisa. Wamechukuliwa wangapi?"

"Nane, pamoja na wewe."

"Kabaki Rozina, humu sijamwona. Yeye hashiki simu wala hatoki, anaogopa. Mstari wa ishirini na mbili, jengo la nyuma ya msikiti, ghorofa ya tano. Kamwambie ahame leo."

"Agripina, nisamehe."

"Washenga wasije," alisema. Akalivuta sanduku upande wake, akainuka kabla dakika hazijakwisha.

Lusajo alipanda ghorofa tano bila kupumzika. Saa tisa alasiri, jua kali, harufu ya mafuta ya kukaangia kwenye korido. Akagonga.

"Nani?" Sauti ya mwanamke ilitokea karibu sana na mlango.

"Dada Rozina, ni mimi, Lusajo. Hama hapa leo. Anwani yako imo kwenye daftari walilopewa polisi."



"Nani kakutuma?"

"Agripina."

"Agripina wamemchukua," alisema Rozina. "Na daftari letu ulilichukua wewe. Sasa umekuja kunitoa nje, wanikute ngazini?"

"Dada, naapa kwa Mungu! Sipo nao. Fungua."

Alisikia pumzi zake nyuma ya ubao. Halafu ikaja ile sauti ya utani wa Kagera, lakini ndani yake hapakuwa na utani wowote.

"Una karatasi?"

Lusajo akajipapasa mifuko. Alikuwa na katiba, kurasa nne. Akaipitisha chini ya mlango. Baada ya muda kidogo kurasa zikarudishwa zilivyo, kisha akasikia meza inaburutwa na kuegemezwa mlangoni. Aligonga mpaka majirani wakatoka kumfukuza.

Polisi walifika kesho yake saa nne asubuhi. Wao waligonga mara moja tu, na hawakuulizwa karatasi.