Kiatu Kwanza

Katika gereji ile, ukitaka spana unaacha kiatu. Kimoja tu, cha mguu wowote. Ukirudisha spana, unavaa kiatu chako, unaenda zako. Sheria hiyo aliitunga mtunza stoo, ambaye kila mtu alimwita Kipa, baada ya jeki kupotea akaitwa mwizi mbele ya mkewe. Aliapa hataitwa hivyo tena. Mafundi walinung'unika wee, mwisho wakazoea kurukaruka kwa mguu mmoja kukwepa oili.

Kisha akaja bosi mpya, mkwe wa mwenye gereji, kijana wa tai, viatu vinang'aa kama kioo. Alitaka drili atundike picha yake ofisini.

"Kiatu, bosi," Kipa alisema kupitia kidirisha cha stoo.

"Unanitania, mzee."

"Sina utani na drili."

Mafundi uani walisogea kusikiliza, nyundo mkononi. Bosi akaegemea kidirisha, akatabasamu.

"Hilo jina lako unajua limetoka wapi? Kwa Waingereza: 'keeper', mtunzaji, kutoka 'keep'. Zamani neno lenyewe lilikuwa kukodolea kitu macho, kukivizia, kukikamata. Baadaye likawa kutunza, kubaki na kitu, hata kutimiza ahadi. Na kabla ya hapo lilitoka wapi, wasomi wenyewe hawajui."

"Maskini, halina kwao," Kipa alisema. "Kiatu."

"Ninachokwambia, wewe unatunza tu. Mali ni yetu!"

"Nani kasema ni yangu? Ila ikipotea haulizwi mwenye mali. Naulizwa mimi."

Bosi aligeuka, shingo imemvimba. "Mafundi! Huu upuuzi umekwisha. Kila mtu achukue kiatu chake!"

"Sawa kabisa," Kipa alisema. "Zana ziingie, viatu vitoke."

Wakajipanga, wanacheka chini chini. Spana zikaingia, jeki zikaingia, viatu vikatoka. Muda si muda gereji nzima ilikuwa imevaa vizuri na haina kazi. Mwenye lori lililokuwa juu ya magogo bila magurudumu akaanza kufoka. "Nilete gari hapa lije kulala?"

"Wape vifaa!" bosi alifoka.

"Bila kiatu sitoi hata bisibisi. Ukitaka, nifukuze. Lakini nitaondoka stoo imekamilika, na hapa hapa mbele ya watu utasema imekamilika."

Bosi alimtazama mwenye lori, akawatazama mafundi. Hakuna aliyemsaidia. Akainama, akavua kiatu, akakibwaga kidirishani.

"Haya, wape! Nami nipe hiyo drili. Na kesho usije kazini!"

Kipa alimpa drili, akakiweka kiatu rafuni.

"Nisipokuja, bosi, kiatu chako atakupa nani?"

Mafundi walishaanza kuvua vyao. Bosi akashika njia ya ofisini, drili kwapani, akichechemea, soksi yake nyeupe ikinywa oili kila hatua.