Njia ya Hendre

Basi la shule lilipita mbele ya nyumba ya Eleri Prosser kila asubuhi, na halikusimama. Lilishuka kutoka juu ya bonde likiwa na watoto wachache, viti vya nyuma vitupu, likapunguza mwendo kwenye kona yao kwa kuwa kona ile ni kali, kisha likashika njia ya Trefaelog kwenda shuleni. Dereva wake, Delwyn, alikuwa amesoma darasa moja na Eleri. Kila akipita aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu. Siku za mwanzo Eleri aliitikia. Baadaye akawa anageuza uso.

"Ningemchukua binti yako, wallahi," Delwyn alimwambia siku moja dukani. "Lakini jina lake halimo kwenye orodha. Wakinikuta na mtoto asiye na kitambulisho, kazi sina."

"Sijakulaumu, Delwyn."

"Mdomo haujanilaumu. Macho je?"

Binti huyo wa Eleri, Mabli, alikuwa na miaka kumi na mmoja na ndio kwanza ameanza sekondari. Kwa kanuni za halmashauri, mtoto wa sekondari hupandishwa basi bure ikiwa kwao ni maili tatu au zaidi kutoka shuleni, kwa njia fupi kuliko zote inayopitika kwa miguu. Kwa barabara, kutoka mlangoni kwa Eleri hadi lango la shule, zilikuwa maili tatu na ushei. Lakini halmashauri haikupima kwa barabara. Ilipima kwa njia ya mkato, inayovuka malisho ya shamba la Hendre, ikapita daraja la mbao juu ya kijito, ikaingia msitu wa misonobari na kutokea nyuma ya uwanja wa michezo wa shule. Kwa njia hiyo maili tatu hazikutimia. Basi ni kwa wengine, Mabli atembee.

Eleri angempeleka kwa gari kama angekuwa na kazi nyingine. Alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, ng'ambo ya bonde, na saa mbili asubuhi alitakiwa awe ameshamwamsha wa kwanza. Mumewe, Gethin, alikuwa dereva wa lori la kwenda Ireland, akirudi Ijumaa na kuondoka Jumapili. Basi Eleri akakata rufaa, na wakati rufaa ikisubiri, Mabli akatembea.

"Mimi sioni ubaya, Mam," Mabli alisema. "Msituni kuna kindi."

"Na simu haishiki."

"Kindi hawapigi simu."

Eleri hakucheka. Tangu Septemba alikuwa hatulii mahali. Akimfunga mzee vifungo vya shati, mawazo yako kwenye daraja. Akiosha vikombe vya watu, anahesabu: sasa amevuka, sasa ameingia msituni, sasa ametoka. Simu aliiweka mfuko wa mbele wa aproni na kuigusa kila mara kama mtu mwenye jino bovu.

Jumanne moja ya Oktoba ilinyesha usiku kucha na kupambazuka ikinyesha. Eleri alikuwa nyumbani kwa Mzee Emlyn, akimvisha soksi, simu ikatetemeka. Ujumbe wa shule: Mabli hajafika darasani.

Alipiga simu ya Mabli. Haikuita. Akapiga tena.

"Nenda," Mzee Emlyn alisema.

"Hujavaa, hujanywa chai."

"Sijawahi kufa kwa kukosa chai. Nenda, mwanangu."

Aliendesha gari kama mwehu. Alipofika kwake aliliacha limefunguka mlango, akaruka ukuta wa mawe na kuteremka malishoni akiita. Matope yalimvuta kiatu kimoja akakiacha. Kijito hakikuwa kijito tena. Maji mekundu ya udongo yalikuwa yakipita juu ya daraja, na kamba ya kushikilia ilikuwa imekatika upande mmoja. Eleri alisimama ukingoni, akamwita mwanawe mpaka sauti ikamkauka.

"Yuko kwangu," mtu alisema nyuma yake.

Alikuwa Idwal Rhydderch, mwenye Hendre, amejifunika gunia mabegani. Mara ya mwisho kusema na familia ya Prosser, Mabli alikuwa na miaka minne. Mbwa wa Gethin alikuwa ameingia usiku kwenye kondoo wenye mimba, akawafukuza mpaka saba wakaharibu mimba, na Idwal akampiga risasi mbwa yule mbele ya Gethin. Tangu hapo hawakusalimiana, hata kanisani, hata mazikoni.

Mabli alikuwa jikoni kwa Idwal, amevaa sweta la mzee lililomfika magotini, anakula mkate wa zabibu kavu uliopakwa siagi.

"Sikuvuka, Mam," alisema haraka. "Niliweka mguu mmoja tu."

Eleri alimshika kichwa, akakikandamiza kifuani. Kisha akaketi, akamshukuru Idwal.

Usiku ule Gethin alipiga simu kutoka bandarini. "Mshukuru, iishe," alisema. "Usimwombe yule mzee kitu kingine."

Lakini Eleri alikuwa tayari na la kumwomba. Jambo hilo lilimwingia akilini akiwa bado jikoni kwa Idwal. Njia ile haikuwa ya umma. Haikuwamo kwenye ramani ya njia za watu. Baba yake Idwal ndiye aliyewaruhusu watu kupita, zamani, na Idwal hakuwazuia. Ikiwa mwenye shamba ataifunga, halmashauri haitakuwa na mkato wa kupima. Itabaki barabara.

Kesho yake jioni alikwenda Hendre, akamkuta Idwal zizini akikagua kwato za kondoo dume.

"Nimekuja kukushukuru."

"Ulishashukuru jana."

"Na kukuomba ufunge njia."

Idwal aliuachia mguu wa kondoo. "Rudia."

"Umkataze Mabli kupita shambani kwako."

"Jana nimemtoa majini mtoto wako. Leo unataka nimfungie lango usoni?"

"Ndiyo."

"Watu watasemaje? Idwal, kwa ajili ya mbwa aliyekufa zamani, amemfukuza mtoto malishoni. Ndivyo watakavyosema."

"Nitawaambia ni mimi niliyeomba."

"Hawatataka kujua." Akainama tena kwenye kwato. "Mimi na mumeo tuna letu. Mtoto sijawahi kumfungia mlango, na sitaanza uzeeni. Nitatengeneza daraja. Nitaweka kamba mpya."

"Mzee Idwal, kamba haitanisaidia. Daraja likiwa zuri ndiyo kabisa hapati basi."

Idwal alisimama wima. "Nchi hii," alisema, "imeharibika," akaingia ndani na kufunga mlango.

Wiki iliyofuata halmashauri ilimtuma mtu kuja kutembea njia hiyo kabla ya kuamua rufaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, Carys Hopkin, mwenye buti safi na gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu. Eleri alikuwa ameomba mvua. Badala yake jua liliwaka siku ile kana kwamba limelipwa na halmashauri. Majani yalikuwa ya dhahabu, kijito kilipungua kikaimba juu ya mawe, na kwenye daraja kulikuwa na mbao mpya na kamba mpya.

"Pazuri hapa," Carys alisema, na alionekana kuona aibu kulisema.

"Ungekuja Jumanne ile."

"Ningekuja, ningeandika nilichokiona. Leo nitaandika ninachokiona leo, Bi Prosser. Kijito kinajaa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja si inatosha?"

Carys alilisukuma gurudumu, nalo likalia tik, tik. Eleri alimfuata nyuma, akihisi kila mlio unampokonya kitu. Walipokaribia lango kati ya malisho na msitu, walimkuta Idwal ameliegemea, mnyororo mkononi.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Shuleni, kwa mkato," Carys alisema. "Natoka halmashauri."

"Hakuna mkato. Hapa ni shambani kwangu."

Carys alitoa ramani, akaigeuza huku na huku. "Watu wanapita hapa miaka mingi."

"Kwa ruhusa ya baba yangu, kisha yangu. Bango la kusema hivyo liko palepale kwenye ukuta, tangu enzi zake. Lisome."

"Na ruhusa hiyo umeiondoa lini?"

"Sasa hivi," Idwal alisema. Akazungusha mnyororo kwenye nguzo, akabana kufuli. Hakumtazama Eleri hata mara moja. "Nikimfungia mmoja nimewafungia wote. Andika hivyo."

Carys aliwatazama wawili hao, akaanza kutabasamu, akajizuia. Aliligeuza gurudumu lake. "Basi turudi tulikotoka," alisema. "Nitapima barabara."

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kwisha: Mabli anastahili.

Lakini njia ya Hendre ilikuwa ya watu wengi. Wanakwaya wa kanisani waliitumia kwenda mazoezini, na mamake Eleri mwenyewe alizoea kuipita Jumapili kuja kula kwa bintiye. Sasa wote walizunguka. Kila Eleri alipoingia dukani, mazungumzo yalikatika.

"Tunazunguka tu, si kitu," Menna wa kwaya alisema, akipanga mayai kapuni. "Sisi miguu yetu haikukata rufaa."

"Daraja lile lilikuwa chini ya maji, Menna."

"Mara moja."

"Mtoto wako angekuwa juu yake, ungesema mara moja?"

Menna akachukua mayai yake. Mlangoni aligeuka, akamtazama Eleri, akaenda zake.

Jumamosi Gethin alikwenda Hendre bila kumwambia mkewe anachokwenda kufanya. Eleri aliwaona kwa mbali kutoka dirishani, wanaume wawili wamesimama hatua kadhaa baina yao, wakitazama kondoo badala ya kutazamana. Aliosha sufuria moja mara tatu. Gethin aliporudi alivua buti, akaketi.

"Mmesemezana?"

"Ana tatizo la kwato. Nimemwambia kuna dawa Ireland."

"Na mbwa?"

"Hatujafika huko," Gethin alisema.

Jumatatu basi lilisimama kwenye kona. Mabli alipanda, akaonyesha kitambulisho, akaenda moja kwa moja viti vya nyuma walikokuwa wasichana wawili wa darasa lake. Hakupunga mkono. Delwyn alifunga mlango, taa nyekundu zikapotelea kwenye ukungu.

Eleri alikuwa amechelewa kazini. Alijua, na hakuondoka. Alibaki katikati ya barabara, mkono ndani ya mfuko juu ya simu, akisikiliza injini ya basi ikiteremka bondeni, ikibadilisha gia kwenye mteremko wa kanisa, ikififia. Ilipokwisha kusikika aliendelea kusikiliza, mpaka gari la maziwa likaja nyuma yake na kupiga honi, akasogea pembeni.