Uyoga Ulionukia Udi

Mtaa mzima wa Ndia Kuu ulikuwa ukiomba mvua, ila Bi Sheikha. Yeye aliomba ichelewe kidogo tu, Mola amsamehe, mpaka uyoga wake uchomoze.

Mambo yalianzia Marikiti, kwenye meza ya mboga ya Sidi. Sidi ni mtu wa Kaloleni, na mvua kubwa ikishanyesha hufunga biashara akaenda kwao kuchuma uyoga wa msituni pamoja na mamake, kisha akarudi na visa vya kuchekesha mwaka mzima. Bi Sheikha alimwonea wivu, tena wivu hasa. Watoto wake wako Maskati, na miaka hii hakuna aliyemwita pahali ila penye harusi au msiba. Siku moja akajitoa kimasomaso, akamwomba Sidi wafuatane.

"Bi Sheikha, uyoga si mchicha," Sidi akamwambia. "Mwengine waua. Wewe hata hujauona ukimea. Otesha wako kwanza, tuule, tusife. Ukiwahi kabla ya mvua, twende sote."

"Utaniona!"

Basi mbegu zikatafutwa. Sidi akamwonyesha namna ya kuzichanganya na majani makavu yaliyochemshwa, na stoo ya juu ikajaa mifuko inayoning'inia darini. Bi Sheikha aliinyunyizia maji, akaiamkia asubuhi, akapanda kuichungulia hata magoti yakamlalamikia. Jumatano ukachomoza! Vichwa vidogo vya kijivu, vimebanana kwenye matundu ya mifuko. Alipiga kigelegele mpaka jirani wa chini akauliza nani kaposwa.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi jioni nyumba hiyo hufukizwa udi tangu yeye ni mwanamwari. Chetezo kinachofuka moshi mkononi, uradi mdomoni, akapita sebuleni, akapita chumbani, akapanda stoo. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliufukiza mfuko mmoja mmoja kama afukizavyo kanga zake, halafu akafunga mlango na dirisha ili harufu ishike vizuri.

Akili zilimrudia asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mdomoni.

"Yarabi, nimeuua kwa moshi!"

Akapanda ngazi kama msichana, akafungua kila kilichofungika, akapepea kwa kipepeo cha jikoni, kisha kwa mtandio, kisha kwa vyote viwili. Alilia, tena kwa sauti. Uyoga mwingine ulikuwa umenyauka. Uliobaki ulizidi kurefuka shingo siku zilizofuata, kama unaotafuta hewa, na vichwa vikabaki kama vifungo vya shati. Jumapili mchana mawingu yalipoanza kujikusanya, hakungoja tena. Aliuchuma wote, na tone la kwanza likamkuta akishuka nao kwenye sinia.

Jioni Sidi akabisha hodi, amerowa chapachapa, anacheka.

"Mvua hiyo, Bi Sheikha! Kesho nakwenda."

"Na mimi nimewahi. Njoo uone."

Sidi akalitazama lile sinia. Akaliinamia. "Huu umefanyaje? Mbona umetoa shingo hivi?"

"Ulikuwa ukichungulia mvua," Bi Sheikha akajibu kwa haraka, akaupeleka jikoni kabla hajaulizwa la pili.

Aliupika kwa tui zito na kitunguu, akakamulia ndimu. Akasema bismillahi, akatia tonge la kwanza mwenyewe, Sidi akimtazama usoni kama atazamaye maziwa jikoni. Hakufa. Sidi naye akatia lake. Akatafuna, akaacha, akanusa kijiko.

"Bi Sheikha. Uyoga wako wanukia bibi harusi."

Hapo hakukuwa na la kuficha. Bi Sheikha alimweleza yote, chetezo, mlango, kipepeo, na kila alivyoeleza Sidi alizidi kuteleza kitini hata akakaa mkekani, anajifuta machozi. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha Bi Sheikha akalisogeza sinia kando.

"Basi uyoga wangu hauhesabiki?"

Sidi alipangusa sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa, akatoa simu, akampigia mamake.

"Mama, kesho nakuja na mtu... La, si mgeni wa kukaa kitini. Wa kuchuma." Akasikiliza, kisha akageuka. "Mamangu auliza waitwaje, apate kukungojea kwa jina. Mwambie mwenyewe."

Bi Sheikha aliitwaa simu, akalitaja jina lake, kisha akapiga kigelegele mpaka jirani wa chini akauliza tena nani kaposwa.